Waliacha Jina, Wakaondoka na Kicheko

Jina la Ze Comedy, kipindi cha vichekesho cha tivii, lilikaa na wasanii wake wa kwanza kwa miaka michache tu. Lilianza kuvuma EATV, ile Channel 5 ya Mikocheni, katikati ya muongo wa 2000, na ilipofika 2008 wasanii walewale walikuwa wameshahama. Vichekesho vyao vikawa vinaonekana TBC1 kwa jina la Orijino Komedi. Kwa kalenda ni umri mdogo. Lakini mwulize mtu wa Dar es Salaam aliyekuwa mtu mzima siku zile, Ze Comedy ilikuwa nini. Hatakutajia kituo wala mwaka. Atakutajia watu: Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki, Wakuvanga, Vengu, Mac Regan. Na kicheko kitamtoka kabla hajafika mwisho wa orodha.

Nilikuwa nikiishi Kariakoo muda wote ambao kundi hilo lilikuwa hewani, na ninaloliamini ni hili: Ze Comedy ilikuwa taasisi ya mji huu, kama zilivyo Simba pale Msimbazi na Yanga pale Jangwani. Ila taasisi yenyewe haikuwa studio wala jina. Ilikuwa wale vijana, pamoja na sisi tuliokuwa tunakaa mbele ya tivii kuwangoja. Ndiyo maana jina lilipobaki Mikocheni, kicheko kiliondoka nao.

Kicheko hicho kilikuwa na ukoo wake, na ukoo wenyewe unapita hapahapa mjini. Kabla ya tivii ilikuwepo redio, na kwenye Redio Tanzania Dar es Salaam walikuwepo Pwagu na Pwaguzi, wajanja wawili ambao kila mmoja alidhani ndiye aliyezaliwa na akili zaidi ya mwenzake. Watu walifunga milango ya maduka wakasogea kwenye redio ya jirani. Kisha yakaja makundi ya sanaa: Muungano ya Norbert Chenga iliyoanzishwa 1980, TOT ya Kapteni John Komba iliyoanzishwa 1992, Mandela na mengineyo. Ukilipa kiingilio kimoja ulipata ngoma, sarakasi, taarabu, igizo na kichekesho, vyote usiku mmoja. Kwenye kumbi za namna hiyo, DDC Kariakoo ikiwa mojawapo ya kumbi zilizopendwa sana mjini, mchekeshaji alipimwa papo hapo. Kama neno halikuchekesha, ukumbi ulimnyamazia au ulimzomea, na hakuna mhariri wa kulikata.

Humo ndimo walimokomaa wakongwe ambao tumeshawazika. Mzee Small, yaani Said Ngamba, alifariki Juni 2014. King Majuto, Amri Athumani wa Tanga, alifariki tarehe 8 Agosti 2018. Hawa walijua kusimama tu, bila kusema lolote, na watu wakaanza kushika mbavu. Ninapowatazama Joti na wenzake naiona shule hiyohiyo: mwili unaongea kwanza, mdomo unafuata.

Tivii yenyewe ilichelewa kufika huku bara. Zanzibar walikuwa na TVZ, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wenye antena ndefu hapa Dar es Salaam waliipata kutoka ng'ambo ya bahari. Sisi wengine burudani yetu ya picha ilikuwa kwenye majumba ya sinema ya mjini: Empire, Avalon, Empress, Odeon, Cameo, New Chox. Filamu zilitoka India, Hong Kong na Marekani. Tulizipenda, tukaziimba na kuziiga, lakini hakuna aliyekuwa akituchekesha kwa mambo ya kwetu kwenye kioo kile kikubwa. Mwaka 1994 ndipo ITV na DTV zilipoanza, na muda si mrefu ikaja michezo ya kuigiza ya Kiswahili. Mambo Hayo. Kaole, ambayo ilitupa Bi Hindu, Muhogo Mchungu na Mzee Kipara, na kuwapitisha vijana kama Ray, Johari na Steven Kanumba kabla hawajawa nyota wa filamu. Mizengwe ya akina Mkwere na Maringo Saba. Nyingi kati ya hizo zilikuwa hadithi ndefu za nyumba, ndoa, urithi na ushirikina, na ndani yake kulikuwa na mchekeshaji mmoja au wawili wa kupoza machungu.

Ze Comedy iliondoa machungu yote ikabakiza mchekeshaji. Tena ikamleta pamoja na wenzake. Vipande vilikuwa vifupi: hiki kimeisha, kingine kimeanza, hujapata nafasi ya kuvuta pumzi. Hapakuwa na hadithi ya kufuatilia wiki hadi wiki, kwa hiyo aliyekosa wiki iliyopita alikaa akacheka sawa na aliyeona. Kwa mji wa watu wanaotoka kazini usiku, wanaosafiri kwenda Dubai na Guangzhou kufuata mzigo, wanaokatiwa umeme bila taarifa, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Na umeme ulikuwa ukikatika kwelikweli. Mwaka 2006 ulikuwa mwaka wa mgao. Mabwawa yalikauka, na Kariakoo nzima ikanguruma kwa jenereta, kila duka na yake kwenye baraza, moshi umetanda kuanzia Msimbazi hadi Lumumba. Kisha likaja sakata la Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura, na tarehe 7 Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Naitaja siasa kwa sababu huwezi kuielewa Ze Comedy bila kuijua hali ya hewa ya wakati ule. Rais Kikwete alikuwa ameingia Ikulu Desemba 2005, Bunge lilikuwa limechangamka, na asubuhi pale Posta Mpya watu walijazana kwenye meza za magazeti kusoma vichwa vya habari bila kununua, wakibishana na watu wasiowajua. Nchi ilikuwa na hamu ya kusema. Vijana hawa walisema kwa kuchekesha, wakaigiza sauti na mwendo wa wakubwa, na wakubwa wenyewe wengi wakacheka.

Nyumba niliyokuwa nikiishi ilikuwa ya Kiswahili kamili: korido katikati, vyumba huku na huku, uwani nyuma na bomba moja la maji. Ilikuwa Mtaa wa Sikukuu. Tivii ya maana ilikuwa ya mama mwenye nyumba, ile ya chogo, nzito, imewekwa juu ya friji lililokufa zamani. Usiku wa kipindi aliitoa hadi mlangoni mwa chumba chake ikatazama korido. Wapangaji walileta vigoda, ndoo zilizopinduliwa, mikeka. Watoto walikaa mbele kabisa chini. Antena ilikuwa imefungwa kwenye bomba la chuma nyuma ya choo, na kijana mmoja alipewa kazi ya kuizungusha. Ndani watu wanapiga kelele: "Imekuja! Acha hapohapo! Imepotea, rudisha kidogo!" Chenga zikipungua, sura zikaonekana, mtu anashusha pumzi. Yule kijana alikuwa anabaki nje ameshika bomba, kwa sababu akiliachia tu picha inaondoka. Alikuwa anatuuliza kwa sauti kutoka uwani: "Amefanya nini? Joti amefanya nini?" Na mama mwenye nyumba, ambaye mchana hakuwa mtu wa maneno mengi na wapangaji, alikuwa anamsimulia kila kitu kwa ukamilifu huku machozi ya kicheko yakimtoka, anajifuta kwa pembe ya khanga.

Muuza kahawa alikuwa amepanga mzunguko wake uishie kwetu saa hiyo. Aliweka dele lake na jiko la mkaa pale barazani, akasimama mlangoni na vikombe mkononi akiangalia juu ya vichwa vya watu. Hakuna aliyenunua wakati kipindi kinaendelea, naye hakuuza. Kikishaisha ndipo biashara ilipoanza, kahawa na kashata, na kipindi kikarudiwa chote upya kwa midomo, kila mtu akiigiza kipande alichokipenda.

Sasa niwaseme wenyewe.

Joti, Lucas Mhuvile, alikuwa na kipaji ambacho sijakiona kwa mwingine katika kizazi chake. Akijifunga khanga na kilemba anakuwa bibi kizee kabisa, mgongo umepinda, taya inatafuna hewa. Kipande kinachofuata ni mtoto mtundu, na hata magoti yake yanaonekana ya mtoto. Wanaume wengi wamevaa gauni jukwaani ili wachekwe. Joti alikuwa anamtazama mwanamke anayemwigiza kwa makini kiasi kwamba wanawake wa uwani kwetu walikuwa wanamtambua: "Huyu ni mama fulani wa mtaa wa pili!" Walikuwa wanacheka kwa kumjua mtu.

Masanja Mkandamizaji, Emmanuel Mgaya, yeye silaha yake ilikuwa sauti na uso mkavu. Anasema jambo la ajabu kwa utulivu wa mtu anayesoma tangazo la kifo. Kumbuka kwamba sisi ni watu tuliolelewa na taarifa ya habari ya saa mbili usiku; ikianza, baba anainua mkono, nyumba nzima inanyamaza. Kwa hiyo vijana hawa walipoigeuza taarifa ya habari kuwa kichekesho, waligusa kitu kilichokuwa kitakatifu ndani ya kila nyumba. Meza ileile, suti ileile, karatasi za kupangapanga zilezile, halafu habari yenyewe ni upuuzi mtupu. Kwa maoni yangu hapo ndipo walipofanya kazi yao bora kuliko zote, bora hata kuliko kuigiza video za Bongo Fleva, ambako nako walikuwa hodari kiasi kwamba wimbo mpya ukitoka watu walingoja kwanza Ze Comedy waufanyie nini.

Mpoki, Silvery Mujuni, alikuwa mtu wa majigambo. Mhusika wake aliyejiita Mwarabu wa Dubai aliingia moja kwa moja mioyoni mwa watu wa Kariakoo, maana sisi tunaishi na majigambo ya aina hiyo kila siku: mtu amekwenda Dubai mara moja kuleta mzigo wa nguo, akirudi hata salamu yake imebadilika. Kwa miezi mingi kila mfanyabiashara aliyeshuka na kontena alipokelewa mtaani kwa jina hilo. Wakuvanga, ambaye ni Isaya Gideon, na Mac Regan, ambaye ni Alex Chalamila, ndio waliokuwa wakilishikilia igizo lisianguke. Mchekeshaji anahitaji mtu wa kumjibu, mtu wa kumkasirikia, mtu wa kushangaa kwa niaba yetu. Kazi hiyo haina makofi mengi, na wao waliifanya bila kung'ang'ania kamera. Nyuma yao alikuwepo Sekioni David, Seki, kiongozi wa kundi, ambaye watazamaji wengi walilijua jina lake kabla ya kuijua sura.

Na Vengu. Joseph Shamba hakuwa na haraka. Alikuwa anaingia, anatazama, watu wanaanza kucheka kabla hajafungua mdomo, na yeye anazidi kukaa kimya. Ndiye aliyekuwa karibu zaidi na Mzee Small kwa staili, na watu wazima wa mtaani kwetu walimpenda kuliko wote. Baadaye alipougua kwa muda mrefu, wenzake walikuwa wakiulizwa habari zake kila walipopita, na misikitini na makanisani aliombewa na watu ambao hawajawahi kumwona ana kwa ana.

Asubuhi iliyofuata usiku wa kipindi, mji ulikuwa na lugha moja. Konda wa daladala ya Posta alikuwa anaita abiria kwa sauti ya bibi wa Joti. Kwenye foleni ya benki Samora, mlinzi na karani wanakumbushana kipande. Wakaanga chipsi wa Aggrey, mafundi simu, wapiga debe wa Mnazi Mmoja, wote walikuwa wamesoma somo moja usiku uliopita. Mimi nilikuwa nauza vipuri vya baiskeli dukani kwa mjomba siku hizo, na nakumbuka wateja wawili waliokuwa wakigombana kwa ukali juu ya bei. Mmoja akatupia neno la Masanja, mwenzake akashindwa kuendelea kukasirika. Mali ikauzwa.

Ndipo ikaja 2008. Shirika la utangazaji la taifa lilikuwa limezaliwa upya. TVT ilikuwa imegeuka TBC1, Tido Mhando alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka Idhaa ya Kiswahili ya BBC kuliongoza, na shirika lilitaka watazamaji. Vijana wakahama. Jina la Ze Comedy likazua mvutano, na mwisho wake likabaki EATV, ambako kipindi kiliendelea kwa wasanii wengine. Waliohama wakajiita Orijino Komedi.

Wakati ule watu wengi mtaani hatukuijua Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, wala hatukuwa na habari kwamba jina la kipindi ni mali inayoweza kuwa ya kituo. Tuliona tu kwamba kuna jambo limetokea kwa watu wetu. Barazani kwa muuza kahawa mjadala uliendelea siku nyingi. Wapo waliosema kituo kimewalea, kimewapa mitambo na muda wa hewani, kina haki na kilichokuzwa kwake. Wapo waliosema bila sura zile jina halina kitu. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na sitaki kumlaumu yeyote leo. Mikataba ya sanaa nchini ilikuwa bado michanga, na kila upande ulijifunza kwa gharama yake. Ila kuhusu watazamaji hapakuwa na mjadala. Usiku wa kipindi yule kijana wetu wa antena alipewa amri mpya: zungusha upande wa TBC.

Na mtaani hakuna aliyebadilisha jina. Miaka na miaka baada ya kuhama, wakiwa wanaonekana TBC1, wakiwa na nembo mpya na wimbo mpya wa kufungulia, watu waliendelea kusema "leo Ze Comedy". Hata waliozaliwa baada ya hapo wanasema hivyo.

Kariakoo ilikuwa na mchango wake mwingine, ambao haukuwa wa heshima sana. Vipindi vilirekodiwa majumbani vikachomwa kwenye VCD na DVD, vikauzwa na machinga kwenye njia zote zinazoingia sokoni, karatasi ya juu imechapwa rangi zimevuja. Wasanii hawakupata chochote. Ni miaka mingi baadaye, kuanzia 2013, ndipo serikali ilipoweka stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki ili kuzuia biashara ya namna hiyo, na kufikia hapo watu walikuwa wameshaanza kuhamia kwenye simu. Ilikuwa dhuluma, na nasema hivyo nikijua kwamba rekodi nyingi zinazozunguka mtandaoni leo zina chenga zilezile za nyumba zetu, pengine na kikohozi cha mtu aliyekuwa sebuleni.

Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Ving'amuzi vikaingia, kila chumba kikapata tivii yake bapa, na korido za nyumba za Kiswahili zikabaki za kupitia. Nyumba nyingi zenyewe zimebomolewa, yamepanda maghorofa ya maduka. Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975, lilipata moto Julai 2021 na limejengwa tena. Vijana wa Ze Comedy nao wamekuwa watu wazima. Masanja ni mhubiri na mwimbaji wa Injili, tena mkulima wa mpunga kule Mbarali. Joti anachekesha mpaka leo, kwenye matangazo ya biashara na mtandaoni, mbele ya watoto ambao wazazi wao ndio waliokuwa wamekaa mkekani. Mpoki na Wakuvanga wamekuwa washereheshaji wa kutafutwa.

Ninachokitamani ni kwamba EATV, TBC na wasanii wenyewe wakae pamoja, wakubaliane juu ya kanda za miaka ile, na nakala safi zipelekwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa pale Upanga, kama tunavyotunza hotuba za viongozi. Mwanafunzi wa kesho akitaka kujua watu wa Dar es Salaam walikuwa wakicheka nini katika mwaka wa Richmond, apate pa kwenda. Na kazi ianze sasa wakati bado wapo wahusika wanaoweza kukaa kitako kueleza nani aliandika kipande gani, nani alishika kamera, ni vipi vilivyotungwa palepale mbele ya mitambo, na zile khanga za bibi wa Joti zilikuwa zikitoka kwenye sanduku la nani.